Muhuri wa SIRI haukuiwasha pampu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililokaa nalo tangu mwaka 2017. Mimi ni fundi mstaafu, mkazi wa Gongo la Mboto. Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kutunza pampu, mabomba na mitungi ya kuzimia moto kwenye ghala la kampuni moja kandokando ya Barabara ya Nyerere. Kampuni yenyewe sitaitaja. Wakubwa wa wakati ule wengi wamekwishaondoka, na sikushika kalamu ili kumsema mtu.

Nimeishika kwa sababu ya maneno niliyoyasikia kwenye daladala wiki iliyopita. Kijana mmoja alikuwa anasimulia habari za mwenzake aliyeripoti ubovu wa mashine kazini akahamishwa idara. Abiria karibu wote wakacheka. "Kiherehere kimemponza," konda akasema, akaendelea kudai nauli. Nilishuka kwetu kimya, maana kiherehere hicho nakifahamu.

Mtungi wa unga una geji ndogo kichwani. Mshale ukiwa kwenye kijani, wengi huridhika na kupita. Fundi haridhiki. Anaupindua juu chini, anautegea sikio, na unga ukiwa mzima anausikia unamwagika ndani, shaaa, kama mchele kwenye debe. Asubuhi hiyo ya Machi 2017 niliupindua wa kwanza, kimya. Wa pili ukagonga mara moja, du, kama jiwe. Unga wote ulikuwa umeshikana donge. Wa tatu mshale ulikuwa kijani kabisa, ila mdomo wa mpira ulikuwa umezibwa na nyigu, udongo mkavu umejaa hadi ndani, kidole hakipiti. Mitungi ilikuwa 48. Niliyoikuta mizima ilikuwa 17. Na kila mmoja, hata huo wa nyigu, ulikuwa unaning'inia kadi yenye saini na tarehe ya mwezi uliopita. Saini haikuwa yangu. Tangu mwaka uliotangulia mitungi alikuwa amepewa mkandarasi wa nje, mimi nikabaki na pampu.

Nikaenda kwenye nyumba ya pampu. Ya umeme ilikuwa inafanya kazi. Lakini moto ukishika ghala, umeme ndio unaokatika mapema, na hapo inayotegemewa ni pampu ya dizeli. Betri zake mbili nilikuwa nimeziombea fomu mara tatu tangu Novemba. Niligeuza ufunguo: taa nyekundu ikafifia, tk tk tk, basi. Ndani ya ghala kulikuwa na magodoro, rangi na madebe ya tina. Nyuma ya ukuta, vyumba vya wapangaji. Getini, mama ntilie na sufuria zake za wali na maharage, na makuli kama thelathini kwenye mabenchi wakisubiri lori la saa nne.

Niliandika kurasa mbili kwa mkono, nikampelekea mkuu wangu. Siku ya tatu nikaitwa. Barua yangu ilikuwa mezani, na juu kulia, palipokuwa na tarehe, pamegongwa muhuri mwekundu: SIRI. Mkuu hakupandisha sauti hata kidogo. "Mzee," akaniambia, "huu sasa ni waraka wa siri. Ukiuzungumzia nje ya chumba hiki, umevunja sheria ya nchi. Tumeelewana?" Nilimwuliza kama betri zitanunuliwa. Akasema nikaendelee na kazi.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa stoo ya vifaa vya ofisi, kuhesabu rimu za karatasi. Ovataimu ikakoma. Vijana niliowafundisha kushika spana wakaanza kuniita Redio Mbao. Nikikaribia meza ya chakula, mazungumzo yanahamia mpira. Mama watoto aliniambia, "Mume wangu, funika kombe mwanaharamu apite, tuna ada za kulipa." Nikafunika. Siwalaumu wale abiria wa daladala kwa kucheka, maana na mimi nilinyamaza.

Miezi minne baadaye wakaja watu wa bima. Waliipindua mitungi kama nilivyoipindua, wakageuza ufunguo ule ule wa dizeli, wakaandika yale yale niliyoyaandika. Wao walipewa chai na sambusa. Betri zikanunuliwa wiki hiyo hiyo. Mimi nilibaki na rimu zangu hadi nastaafu mwaka 2020.

Mpwa wangu anasoma sheria. Nilipomsimulia habari za muhuri alicheka hadi akakohoa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, alinieleza, kweli ina kifungo kizito kwa anayevujisha siri za Serikali, lakini ghala la magodoro lina siri gani ya taifa? Muhuri wenyewe unachongewa Kariakoo ukisubiri. Kisha akanisomea Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamruhusu mtu mwenye nia njema kupeleka kwa mamlaka husika taarifa za uhalifu, za ubadhirifu wa mali ya umma, na pia za jambo linalohatarisha afya au usalama wa watu. Inataka jina lake lifichwe na asiadhibiwe kwa sababu ya kusema. Kumbe siku ile nimesimama mbele ya meza ya mkuu, sheria hiyo ilikuwa imekwishatungwa. Sikuwahi kuiona imebandikwa ukutani. Ukutani kulikuwa na kalenda ya benki na tangazo la kukataza sigara.

Lakini hata ningeijua, kuna jambo ambalo waliotunga sheria hawakulitazama kwa jicho la fundi. Wenye ufunguo wa nyumba ya pampu tulikuwa wawili tu, mimi na mwenzangu wa zamu ya usiku. Ningepeleka taarifa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ambako kwa kweli ndiko nilikopaswa kwenda, nao wangelifunga jina langu kwenye kabati la chuma. Ingesaidia nini? Mkaguzi akija na kwenda moja kwa moja kwenye betri za dizeli, hakuna asiyejua nani amesema. Mambo mazito ya usalama ndivyo yalivyo: wanaoyajua ni wachache, na kule kuyajua kwenyewe ni kitambulisho. Mhasibu anaweza kujificha kati ya wahasibu kumi. Fundi wa pampu, opereta wa kreni, mkata tiketi wa kivuko, mtunza ghala la silaha, hawa hawana pa kujificha. Mtu wa namna hii alindwe akiwa anajulikana, palepale alipo, kwenye kiti chake na mshahara wake.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba nataka kila kitu kimwagwe barabarani. Naishi Gongo la Mboto. Usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yalipolipuka kwenye maghala ya kambi ya jeshi, nilikimbia na binti yangu mgongoni, kiatu kimoja mguuni, mbingu nyekundu nyuma yetu, na barabara imejaa watu wanaoita majina ya watoto wao. Chini ya miaka miwili kabla, Aprili 29, 2009, ilikuwa zamu ya Mbagala. Kote kuwili walikufa watu, na nyumba zikabaki bila mapaa. Idadi ya mabomu, aina yake, nani analinda lango saa ngapi, hizo ni siri na zibaki siri, sizitaki. Lakini hali ya ghala, uchakavu wa kilichomo na joto la ndani si mambo ya adui peke yake. Ni mambo ya sisi tuliolala ng'ambo ya ukuta. Mwanajeshi wa cheo cha chini akiona kitu kimeharibika, awe na mtu wa kumwambia ambaye si yule anayemsainia likizo yake. Na huyo mtu anaweza kabisa kuwa ndani ya vyombo vyenyewe, mwenye kiapo cha siri; sidai awe mwandishi wa gazeti.

Mpwa huyo huyo alinisimulia kisa cha Robert MacLean wa Marekani. Alikuwa askari wa siri wa ndani ya ndege, wale wanaokaa kama abiria na bastola chini ya koti. Julai 2003 walikuwa wametoka kuonywa kwamba al-Qaeda inapanga kuteka ndege tena. Siku chache baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu zao, ujumbe wa kawaida tu, ukiwaambia safari za mbali za kulala zimefutwa. Sababu ilikuwa kubana gharama za hoteli! MacLean alimwuliza mkuu wake, akapiga simu kwa ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara, hakuna aliyejishughulisha. Akamwambia mwandishi wa MSNBC, chombo cha habari cha huko kwao. Wabunge wakaja juu, na mpango ukafutwa ndani ya siku moja. Aprili 2006, ilipojulikana ni yeye, akafukuzwa kazi. Sasa sikiliza mambo ya mihuri: amri rasmi ya kuuita ujumbe ule taarifa nyeti ya usalama ilitoka Agosti 2006, miezi minne baada ya kufukuzwa kwake. Alipigana hadi Mahakama ya Juu, na Januari 2015 majaji 7 kati ya 9 wakampa haki. Walisema kanuni iliyotungwa na ofisi yenyewe haiwezi kumnyima mtu kinga aliyopewa na sheria ya Bunge. Niliposikia hapo nilimwomba mpwa anirudie mara mbili.

Nchi kubwa kama ile, yenye mawakili kila kona, haki ya mtu mmoja ilichukua karibu miaka 9. Kwetu, fundi ana wakili gani?

Kwa hiyo natamani haya, Mhariri, na wabunge wetu wa Dar es Salaam wakisoma wayachukue. Anayegonga muhuri wa siri kwenye taarifa ya hatari aandike jina lake, tarehe na sababu chini ya muhuri, ili siku moja aulizwe. Mtoa taarifa akihamishwa, akishushwa cheo au akinyimwa stahili ndani ya mwaka mmoja, mwajiri ndiye abebe kazi ya kueleza kwa nini, si mfanyakazi kuhangaika kuthibitisha kwamba ameonewa. Na taarifa ikipokelewa, mtu apewe namba. Nikilipa bili ya maji napewa kontrol namba na risiti kwenye simu. Nikieleza kwamba watu thelathini wanaweza kuungua, naambiwa "tumekusikia".

Namba za simu tunazo. Rushwa ni 113, na betri iliyokufa haiwezi kula rushwa. Moto ni 114, lakini hiyo ni ya moto uliokwisha waka. Mimi nilikuwa natafuta namba ya moto ambao haujawaka.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria, karibu na Ukara, kikiwa kimejaza kupita kiasi, wakafa zaidi ya watu 220. MV Bukoba, Mei 21, 1996, ilikuwa imezama kwenye ziwa hilo hilo, nayo imejaza. Kila chombo kina mtu anayehesabu vichwa vinavyoingia. Novemba 16, 2024, ghorofa likaporomoka Kariakoo, na tulikaa siku kadhaa tukifuatilia waokoaji wakitoa watu kwenye kifusi. Binti yangu, yule niliyembeba mgongoni 2011, aliniuliza tukiwa mbele ya televisheni: "Baba, ina maana hakuna fundi aliyeona?" Sikumjibu. Nilikuwa namfikiria mtu fulani kwenye stoo fulani, anahesabu rimu.

Jina langu unalo kwenye bahasha, naomba usilichape, kwa kuwa binti huyo sasa ameajiriwa na kampuni ile ile. Ingawa, kama nilivyokwisha kueleza, wenye ufunguo tulikuwa wawili, na mwenzangu tulimzika mwaka juzi.

Msomaji wako,
Fundi mstaafu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam