Ukuta wa dohani na mabanzi mabichi

Mafinga, 18 Julai

Shoga yangu Rehema,

Kamwene! Ndivyo tunavyosalimiana huku, nawe ukija uitikie hivyohivyo, usinitie aibu mbele ya majirani. Sisi wazima, ila watoto wana mafua. Juzi alfajiri nyasi za uwani zilikuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda.

Ulinicheka kwenye simu, eti nyumba ya kukaa watu inakuwaje na dohani kama kiwanda. Wewe wa Tanga utajulia wapi! Hii nyumba kuukuu tuliyonunua ina mahali pa kuotea moto sebuleni, na bila moto huo jioni hapakaliki. Tatizo ni ukuta wenyewe wa dohani. Lipu ilikuwa imevimba, ukiigonga inalia kama ngoma, na karibu na dari pana baka la kahawia, utadhani mtu kamwaga chai.

Mwaka jana nikamwita kijana mmoja. Akabandua palipooza, akapiga lipu ya saruji na mchanga kama ukuta mwingine wowote, nami nikapaka rangi nyeupe. Wiki ileile tukawasha moto. Kufika Agosti ukuta una nyufa kama visigino vyangu wakati wa kiangazi, na baka limerudi palepale. Nikamsema yule kijana mtaa mzima ukasikia.

Safari hii nimepata fundi mzee. Hakuuliza habari ya saruji kabisa. Aligonga ukuta, akanusa, akaniuliza, "Mama, mnachoma kuni gani?" Nikamwambia mabanzi ya paina, yale mabaki ya magogo yaliyopasuliwa mbao, tunayachukua mabichi kiwandani kwa kuwa ni rahisi. Akacheka. Kumbe kuni mbichi moshi wake umejaa maji. Ukipanda kwenye dohani la baridi unageuka umande, unabeba masizi na utomvu, unanyonywa na matofali ya kuchoma mpaka unatokea sebuleni. Rangi haiuzuii. Na zile nyufa? Ukuta wa dohani hutanuka ukipata moto na kusinyaa ukipoa, wakati lipu ya saruji tupu ni ngumu, haijui kufuata.

Basi tukabandua yote hadi tofali. Dohani likafagiliwa kwa furushi la matawi lililofungwa kamba. Masizi yaliyoshuka yalijaza ndoo tatu, na mimi nikawa kama muuza mkaa. Tukakwangua viungo vya matofali ili lipu ipate pa kushika, tukamwagia maji. Mchanganyiko wake ni ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa, sita za mchanga uliochekechwa. Hiyo chokaa ndiyo inayoipa lipu ulaini. Tabaka la kwanza alilirusha kwa mwiko likabaki na mikwaruzo, la pili akalisawazisha kesho yake. Aliniachia kipande cha chini nijaribu. Nusu yake iliniangukia miguuni, lakini kilichobaki kimeshika, na pimamaji inakubali, karibu.

Hakuniahidi kwamba baka halitarudi. Anasema matofali yameshakunywa masizi ya miaka.

Adhabu ni hii: wiki nzima tulikuwa tukiunyunyizia ukuta maji, na moto hauwashwi mpaka zitimie wiki nne. Alinishauri kazi yenyewe tungoje Oktoba joto lirudi, mimi nikang'ang'ania ifanyike sasa. Leo siku ya 19. Nakuandikia nimevaa makoti mawili, baba watoto haniongeleshi vizuri, na mabanzi nimeyapanga chini ya bati yakauke.

Yule kijana wa mwaka jana nilikutana naye sokoni Jumamosi. Akaniamkia kwa heshima zote, akaniuliza ukuta unaendeleaje. Nikamjibu unaendelea vizuri, nikalipia viazi vyangu, nikaondoka mbiombio hata chenji sikudai.

Ukija mwezi ujao njoo na kanga zangu mbili nilizoacha kwako, na nazi kavu kama utaweza kubeba.

Wako,
Mama Neema