Ahsante kwa daftari la safu nne

Hukutaka jina lako litajwe, nasi tunaliheshimu hilo. Ila daftari la hesabu za biashara ulilotuchorea (tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki) limefanya kazi kuliko maneno yote ya kutia moyo.

Ahsante kwa kusisitiza lijazwe jioni ileile, kabla droo haijafungwa, kwa kuwa matumizi madogo husahaulika kwa usiku mmoja tu: nauli, mifuko, vocha. Pesa ya droo ikipishana na daftari, tofauti iandikwe kwa wino mwekundu. Isijaziwe kimyakimya kutoka mfukoni, maana hapo ndipo chanzo cha uvujaji hupotelea.

Ahsante zaidi kwa hesabu ya punguzo. Kitu kilichonunuliwa kwa 100 na kuuzwa kwa 125 kina faida ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama nyingine, ya 25. Mteja akibembeleza apunguziwe asilimia 10, bei inashuka hadi 112.50 na faida inabaki 12.50. Nusu imeyeyuka, na pango bado halijalipwa! Wengi hudhani wametoa kidogo tu.

Mengine uliyasema kwa kifupi: mwenye biashara ajilipe kiasi maalumu badala ya kuchotachota, deni jipya lisitolewe kabla la zamani halijalipwa, saa ya kufungua isibadilikebadilike, kwani mteja akikuta mlango umefungwa mara mbili hujizoesha njia nyingine.

Na msimu mbaya, ulisema, usihukumiwe kwa wiki moja. Ulinganishwe na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Kurasa za kulinganishia sasa zipo.