Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kuhusu yule mtu anayepiga kelele chumbani kwangu

Mdogo wangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima. Wiki iliyopita uliufungua mlango wa chumba changu, ukasikiliza kidogo, kisha ukauliza kama huyo mtu anayepiga kelele amefiwa au anadaiwa. Nilicheka, nikapunguza sauti, na sikukujibu. Kwa kuwa wako wengi wanaouliza kama wewe, jibu lako naliandika hapa mbele ya watu.

Ulichokisikia ni Rooms of the House, albamu ya tatu ya La Dispute, bendi ya Grand Rapids katika jimbo la Michigan, Marekani, iliyotoka Machi 2014. Muziki wao ni posti-hadikoo, tawi la panki, ile roki kali ya mwendo kasi, lililorithi ukali wa mama yake lakini likakataa haraka zake: gitaa linaweza kugusagusa noti mbili tatu kwa muda mrefu, ngoma zikisubiri, ndipo kila kitu kipasuke kwa pamoja. Jordan Dreyer, mwenye sauti ile iliyokukera, haimbi kwa maana uliyoizoea. Anasimulia, na sauti inampanda kama inavyompanda mtu aliyejiapiza kutulia katika ugomvi wa nyumbani, akashindwa.

Nyimbo 11 za albamu hii zinazunguka nyumba moja ya kubuni, wapenzi wawili ambao uhusiano wao unavunjika humo, na kumbukumbu za watu waliowatangulia. Wimbo wa kwanza unaturudisha Hudsonville, Michigan, mwaka 1956. Tarehe 3 Aprili mwaka huo kimbunga cha kweli kilipita katika eneo hilo, kimbunga cha daraja la F5, ambalo ni la juu kabisa katika kipimo cha Fujita, kinachopima nguvu za vimbunga vya aina hiyo. Lakini wimbo hauanzi na upepo. Kabla ya upepo kuna vyombo vinavyooshwa baada ya chakula na kahawa inayotokota jikoni. Msiba unaingia katika nyumba ambayo ilikuwa na shughuli zake.

Wimbo ninaotaka uusikilize kwa makini ni wa sita, ulio katikati kabisa, uitwao 35. Unahusu daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, lililoanguka katika mto Mississippi tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya sahani za chuma zilizofunga viungo vya mihimili zilikuwa na takriban nusu tu ya unene uliohitajika, na kosa hilo lilikuwa la wasanifu wenyewe. Daraja lilifunguliwa mwaka 1967. Kwa hiyo udhaifu ule ulikuwapo miaka 40, magari yakipita juu yake asubuhi na jioni, mpaka siku uzito ulipozidi. Niliposoma habari hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini wimbo wa daraja umewekwa katika albamu ya watu wanaoachana. Hakuna anayeweza kutuonyesha siku penzi lao lilipoanza kulegea. Huenda kiungo kilikuwa chembamba tangu siku ya kwanza.

Sisemi kwamba kazi hii haina kasoro. Wimbo wa Scenes from Highways 1981-2009 unanichosha, kwa sababu unanihamisha kabla sijatulia mahali, na bila maneno yake yaliyochapwa mbele yangu napotea. Lakini Woman (in mirror) hauhitaji karatasi: mwanamke anajipodoa mbele ya kioo, mtu anamtazama, basi. Hapo hakuna anayepiga kelele hata kidogo, na mimi huniuma kuliko nyimbo zote za makelele.

Ndiyo maana nakuomba uanzie mwisho, jambo ambalo huenda bendi yenyewe isingelipenda. Anza na Objects in Space. Humo msimulizi amebaki na vitu vilivyosalia baada ya mwenzake kuondoka. Anavitoa, anavipanga sakafuni, anavitazama, anajaribu kuona kama vina mpangilio wowote, na anaongea kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kuwaamsha wengine. Ukishamsikia akiongea hivyo, rudi kwenye wimbo wa kwanza. Nadhani zile kelele hutazisikia tena kama ulivyozisikia ukiwa mlangoni.

Unakikumbuka kile kikombe kisicho na mkono, ulichotaka kukitupa tulipokuwa tunahama, nikakunyang'anya bila kukueleza sababu? Kiko juu ya rafu, kando ya spika. Ukija kusikiliza, kisogeze taratibu, kwa sababu ngoma zikianza hutetemeka na kujongea ukingoni.

Wako akupendaye,
Dada yako