Kwa mwanangu Chennai: kuhusu yule kijana wa ghorofa ya chini

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku Kisauni tu wazima, alhamdulillahi. Mamako juzi alipanda ngazi za kwa shangazi yako bila kupumzika katikati. Alipofika juu akakaa, akacheka peke yake, akaniambia nikuandikie hilo kabla ya jingine lolote. Dawa anameza kwa saa zake, na mimi ndiye msimamizi.

Ujumbe wako wa Ijumaa niliusikiliza mara tatu. Ulisema umechoka, kwamba ukitoka darasani unajifungia chumbani hadi asubuhi, kwamba huko si kwetu na wala hakutakuwa kwetu. Nilipokuuliza mbona huketi na yule kijana wa ghorofa ya chini, mtoto wa mwenye nyumba, ukanijibu: "Baba, yule hana la maana, ni sinema, kriketi na pikipiki tu." Neno hilo ndilo lililonikalisha mezani. Kwa simu ningelisema mambo kwa pupa, na haya sitaki kuyasema kwa pupa.

Usiku wa kuamkia upasuaji wa mamako, tulipokuja huko kwako, wewe ulikuwa umelala kwa sababu asubuhi ulikuwa na mtihani, na mimi ndiye niliyekukataza kukesha. Usingizi haukunijia. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi na tasbihi yangu. Mnamo saa saba yule kijana akarudi kutoka kazini, akanikuta pale gizani. Hakuniuliza kitu. Akaingia kwao, akatoka na kahawa ya maziwa ndani ya kikombe cha chuma kilichokaa kwenye bakuli lake, akaimimina huku na huku toka juu mpaka ikapata povu, akanipa. Kisha akakaa ngazi moja chini yangu, akasema, "Anko, unamjua Dhoni?"

Nikasema simjui. Basi akaanza, kwa Kiingereza chake na mimi kwa changu, na hatukuinuka mpaka nilipoondoka kwenda kutawadha kwa ajili ya alfajiri. Mwanangu, nimekaa na watu wengi wa maana maishani mwangu. Usiku ule sikutaka mtu mwingine.

Alinieleza kwamba Mahendra Singh Dhoni, mchezaji wa kriketi, ametoka Ranchi, mbali kabisa na Chennai, na kwamba kabla ya kuchezea timu ya taifa alikuwa mkaguzi wa tikiti za treni katika stesheni ya Kharagpur. Mtu wa reli! Mwaka 2007 akaiongoza India kuchukua Kombe la Dunia la mchezo mfupi, ule wa ova ishirini (kila ova mipira sita), kule Johannesburg, wakiwafunga Pakistan kwa mikimbio mitano tu, ndiyo pointi za kriketi. Halafu usiku wa tarehe 2 Aprili 2011, Mumbai, fainali ya Kombe la Dunia lenyewe dhidi ya Sri Lanka, akalimaliza pambano kwa kuupiga mpira ukavuka mpaka bila kugusa ardhi. Mikimbio 91 peke yake, na hakutolewa. India ilikuwa imengoja miaka 28 tangu kombe la 1983, la nahodha Kapil Dev. Kijana alikuwa mtoto mdogo mwaka ule wa 2011. Anasema anachokumbuka ni mikono ya babake ikimnyanyua juu, na mtaa mzima umetoka nje.

Ilipoanzishwa ligi ya klabu mwaka 2008, Dhoni akaenda Chennai. Hajui Kitamil, lugha ya kule, si mtu wa kule, chakula chao si cha kwao. Leo wanamwita Thala, yaani kichwa, kiongozi. Timu ikicheza mji mwingine wowote wa India, uwanja unageuka manjano, rangi ya timu, kwa ajili yake. Nilimuuliza kijana, "Lakini si mwenyeji wenu?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na maana. "Anko, alikuja akacheza nasi. Basi ni wetu."

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini, kwa sababu nilikuwa nikikuwaza wewe.

Akahamia kwenye sinema. Mimi filamu za Kihindi nimezijua tangu utotoni, Jumapili tukipanga foleni kwenye sinema za Naaz na Regal, nyimbo tunazishika kwa sauti bila kujua maana. Nilidhani nazijua zote. Kumbe zile ni za Mumbai, za Kihindi chenyewe, na Watamil wana sinema yao na wafalme wao. Aliye juu ni Rajinikanth, ambaye wao humwita Thalaivar, neno la asili moja na lile la Dhoni. Huyu naye amezaliwa Bangalore mwaka 1950 katika ukoo wa Kimarathi, akawa kondakta wa basi kulekule Bangalore, ndipo akaja Chennai (wakati ule bado ni Madras) kusomea uigizaji. Filamu yake ya kwanza ni ya 1975. Kitamil alikikuta ukubwani. Kuna filamu yake ya 1995 ambamo ni dereva wa tuktuk mwenye siri kubwa, na ndiyo maana hadi leo madereva wa tuktuk wa Chennai hubandika picha yake kwenye vyombo vyao. Ulikuwa ukiziona kila siku wala hujui ni nani, sivyo? Mimi pia nilipita chini ya sura ile wiki nzima nikidhani ni mgombea wa uchaguzi. Na kabla yake alikuwepo mwigizaji MGR, mzaliwa wa Kandy, Sri Lanka, asili yake Kerala. Wakampenda katika sinema mpaka wakamfanya waziri kiongozi wa jimbo lao mwaka 1977, na akafa akiwa madarakani miaka kumi baadaye.

Kondakta kutoka Bangalore, mkaguzi wa tikiti kutoka Ranchi, mtoto wa wahamiaji aliyezaliwa kisiwani. Kijana hakuwapanga hivyo. Yeye alikuwa akisimulia tu vitu avipendavyo, na mimi ndiye niliyewaona wamesimama foleni moja.

Sasa pikipiki. Hapa vumilia, maana hapa ndipo kwangu.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, madaktari walipotwambia hatari imepita, nilishuka uani nikamkuta anaivua turubai pikipiki ya babake. Bullet 350, ya miaka ya themanini, nyeusi, mistari ya dhahabu kwenye tangi bado inaonekana. Mwanangu, mimi nimefungua Boxer na TVS zisizo na idadi, lakini chombo kile sikuwahi kukigusa. Gia ziko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na zetu. Nikaomba niiwashe. Nikapiga kiki kama ninavyopiga Boxer, na kiki ikarudi kwa nguvu ikanigonga kwenye muundi.

Hakucheka. Akachuchumaa, akanionyesha. Unafungua swichi, unasukuma kiki polepole huku ukitazama sindano ya saa ndogo ya umeme iliyo juu ya taa. Sindano ikirudi katikati, unabana kijiwenzo kinachotoa pumzi ya silinda, unateremsha kiki kidogo tu, unaachia. Halafu ndipo unapiga, kwa uzito wa mwili mzima, bila kusitasita. Nikafuata. Ikawaka mara moja. Na sauti yake si mvumo kama wa hizi zetu. Kila pigo la pistoni unalisikia kivyake, dug, dug, dug, na kioo cha pembeni kinatetemeka kwa mwendo uleule. Lakini ikinguruma bila kwenda ilikuwa inakwamakwama. Nikamwomba bisibisi na kipande cha msasa, nikasafisha pointi za kutoa cheche, nikapima mwanya wake, nikarekebisha kabureta nusu mzunguko. Ikatulia. Kijana akaziba mdomo kwa mikono miwili, akakimbia kumwita babake.

Pikipiki ile asili yake ni Uingereza, mji wa Redditch. Mwaka 1955 ilianza kuundwa Madras, mwanzoni kwa kuunganisha vipande vilivyoletwa kwa meli, baadaye ikawa inatengenezwa papo hapo yote. Kampuni ya Uingereza ikafa. Ya Madras ikaendelea, na mwaka 1977 ikaanza kuwauzia Waingereza Bullet. Mzee alinieleza haya akiwa ameweka mkono juu ya tangi, kama mtu anayesimulia habari za nduguye.

Mzee yule ni mchache wa maneno, wamjua. Lakini aliposikia mimi ni wa Kenya, alinishika mkono akasema, "Tikolo!" Nilikuwa sijui anasema nini. Akaniketisha akanihesabia. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Collins Obuya aliwaangusha Sri Lanka pale Nairobi, akawatoa wapigaji wao watano kwa mikimbio 24 tu. Tarehe 20 Machi, Durban, Kenya ya nahodha Steve Tikolo ikakutana na India. Ganguly, nahodha wao, akapita mikimbio mia, sisi tukashindwa kwa mikimbio 91. Na kocha wetu alikuwa Sandeep Patil, Mhindi, mmoja wa wale waliochukua kombe la 1983. Mzee alisimulia kushindwa kwetu kwa heshima kubwa, mtu asingejua nani alishinda. Mimi mwaka ule nilikuwa hapahapa Mombasa, nina akili zangu, na nilikuwa nikifuatilia kandanda tu. Habari ya fahari ya nchi yangu nimeipata kwa mzee wa Kitamil kwenye ua wake, na iliniuma kwamba nimechelewa hivyo.

Kwa hiyo usiniambie hana la maana.

Si kwamba nakubali kila kitu. Alinieleza kuwa filamu mpya ya Rajinikanth ikitoka, mashabiki huzimwagia maziwa picha zake kubwa mbele ya majumba ya sinema. Nilimwambia waziwazi kwamba maziwa ni ya kunywa watoto. Akasema hata mamake humwambia hivyo. Na kuna jambo la misongamano. Tarehe 4 Juni 2025 Bengaluru (ndiyo Bangalore ileile) watu walijazana nje ya uwanja kushangilia ubingwa wa timu yao, wakakanyagana, wakafa watu kumi na mmoja. Mechi nenda, sikukatazi. Uwanja wa Chepauk si mbali, na ningependa uuone umejaa manjano. Lakini ukiona umati unasukumana langoni, rudi nyumbani. Tiketi si roho.

Aliniuliza pia kwa nini hukai nao. Sikuwa na jibu zuri. Nikasema una masomo mengi. Akasema, "Namwita macha, haitiki." Nikamuuliza macha ni nini. Ni shemeji, mwanangu. Vijana wa kule humwita rafiki wa karibu shemeji, maana yake umekuwa mtu wa nyumbani. Miezi minane amekuwa akikuita hivyo ngazini, na wewe unapita na vifaa vyako masikioni.

Sasa ile safari. Alisema mwezi ujao yeye na wenzake wawili wanakwenda Ramanagara, na kwamba alikualika ukakataa. Jina hilo labda halikukwambia kitu. Miamba ya pale ndiyo ya filamu ya Sholay, iliyotoka 1975. Ndimo alimojificha yule jambazi Gabbar Singh. Nilikuwa mtoto nilipoiona, na Amitabh na Dharmendra wakiimba juu ya pikipiki yenye kiti cha pembeni, mmoja amembeba mwenzake mabegani, niliamua palepale kwenye kiti cha sinema kwamba nitakuwa mtu wa pikipiki. Gereji yangu, karo yako, vyote vimeanzia kwenye wimbo ule. Na mahali penyewe pako upande wa pili wa Bangalore, mwendo wa saa moja hivi kutoka huko Bangalore, na wewe umealikwa.

Nenda. Nimeshazungumza na mamako, naye amekubali kwa masharti, na masharti ni haya. Hutaendesha wewe, utapakiwa. Msisafiri usiku, maana malori ya barabara ile ya Bangalore hayana huruma. Helmeti iwe ya kufunika uso mzima, si lile bakuli wanalovaa wengi. Nimekutumia pesa leo asubuhi, na ni za helmeti tu, si za kitu kingine. Ukinunua, ivae, itikise kichwa. Ikicheza, ni kubwa. Mwambie kijana aangalie pointi kabla ya kuondoka, na achukue waya wa klachi wa akiba, kwa sababu ule uliopo niliuona umeanza kuchanika upande wa chini.

Njiani mtapita Hosur. Pale ndipo zinapotengenezwa TVS, hizi ninazozifungua kila siku. Mkisimama kunywa kahawa, nipigie simu nisikie tu makelele ya mahali pale.

Na kule kwenye miamba nipigie picha. Usipige miamba mitupu. Nataka pikipiki iwemo, na nyinyi wote muwemo. Mamako anasema amwone yule kijana uso wake vizuri, kwa sababu hospitalini alikuwa anamwona kwa ukungu, na anamwombea dua kila siku bila kukumbuka sura yake.

Babako