Usiku Ule Maji Yalikuwa Yamekupwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie riwaya ya mfululizo mnayoichapisha kila Jumapili, ile ya mauaji ya mwenye nyumba ya wageni katika kijiji kidogo cha wavuvi cha pwani ya mashariki ya Unguja. Nianze kwa kukiri kwamba naipenda. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi katika kijiji kinachofanana sana na hicho, na tangu Sura ya Kwanza nimekuwa nikiwasomea wenzangu wa barazani baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa gazeti lifikalo kwetu ni moja na miwani inayofaa kulisomea ni yangu. Kwa hiyo lalamiko nitakalolitoa hapa si langu peke yangu, bali ni la baraza zima, na wengi wa wanabaraza hao ni watu waliozeeka baharini.

Lalamiko lenyewe linahusu maji.

Katika Sura ya Tatu mvuvi mmoja mzee anamweleza mpelelezi kwamba usiku wa tukio, mwezi ukiwa wa kumi na nne, alikuwa ameketi chini ya mivinje akaona jahazi likiondoka ufukweni saa nne, taa yake imefunikwa, likapotelea upande wa kusini. Nilipofika hapo baraza lilinyamaza. Kisha fundi mmoja wa ngalawa, mtu asiyependa maneno mengi, akasema, "Mzee huyo ndiye aliyeua." Hakuna aliyembishia, na wala hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu, ila mimi, ambaye maisha yangu nimeyapitisha zaidi mbele ya ubao kuliko juu ya chombo.

Sababu ni hii, na naiandika kwa ajili ya wasomaji wako wa bara. Kwetu, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, huwa ni siku za bamvua, na katika siku hizo bahari hujaa kabisa karibu na saa kumi, ya jioni na ya alfajiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku ipitayo nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini, hata ikifika wiki moja baadaye, katika maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, mambo huwa yamegeuka. Tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa kwa bamvua ni zaidi ya mita tatu. Mtu aliyesimama chini ya mivinje ya pwani ya mashariki saa nne ya usiku wa mwezi kumi na nne haoni bahari mbele yake, bali huona uwanda wa mchanga na majani ya bahari unaong'aa kwa mbalamwezi mpaka karibu na mwamba, na ngalawa zote zimekaa juu ya mchanga. Jahazi, lenye mkuku wake na ngama yake na foromali inayohitaji watu kadhaa kuipandisha, halipiti hapo hata likisukumwa na kijiji kizima. Mzee anayesema ameliona likielea, tena mvuvi, hakukosea saa. Amesema uongo, na mwongo katika hadithi ya mauaji lazima awe na lake.

Tukarudi nyuma tukasoma tena Sura ya Kwanza, na hapo ndipo baraza lilipofurahi hasa. Maiti ilionekana wakati wa adhana ya alfajiri, pale ambapo, kwa maneno ya mwandishi wenu, "mawimbi hufika kulamba mizizi ya mivinje", na kanzu ya marehemu ilikuwa kavu. Kama mwezi ulikuwa wa kumi na nne, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi hiyo muda mfupi tu kabla ya adhana, kwa hiyo kitu chochote kilichowekwa hapo tangu usiku kingelowa, na huenda kingechukuliwa. Kanzu kavu maana yake ni kwamba maiti iliwekwa baada ya maji kuanza kutoka, labda nusu saa kabla ya watu kuelekea msikitini, na aliyeiweka alitoka nchi kavu. Na nani aliyekuwa wa kwanza kuiona na kupiga ukelele? Mzee yule yule. Mhariri, sijapata kuona darasa likishughulika na kitabu namna baraza lile lilivyoshughulika na kurasa mbili za gazeti lako. Mtu mmoja alichora ramani kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu, na mwenye nyumba hakukasirika.

Sasa fikiria hali yetu Jumapili iliyopita, Sura ya Nane, mpelelezi aliposimama mbele ya wanakijiji na kutangaza kuwa muuaji ni mpwa wa marehemu, aliyemwua mjomba wake mapema usiku kisha akatoroka kwa jahazi saa nne, "kama alivyoshuhudia mzee wetu mwaminifu". Niliambiwa niirudie aya hiyo, kwa kuwa walidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. Kumbe dalili zile zote tulizozikusanya hazikuwa dalili, bali zilikuwa makosa ya mtu aliyeiandika pwani bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi.

Huenda wewe ukaona kuwa hii ni kasoro ndogo, kama vile kukosea rangi ya kofia. Katika aina nyingine ya riwaya ningekubaliana nawe. Lakini hadithi ya upelelezi wa kijijini, ile isiyomwaga damu mbele ya macho yetu, ambayo mpelelezi wake hutegemea akili na mazungumzo ya ukumbini kuliko bastola, ina mkataba na msomaji: kila anachokijua mpelelezi nasi tukijue, na kila tunachoonyeshwa kiwe na maana yake. Waingereza, ambao waliikuza sana aina hii, walifika hata kuuandika mkataba huo. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi hizo, alitoa kanuni kumi, mojawapo ikimkataza mpelelezi kuona dalili ambayo msomaji hakuonyeshwa papo hapo, na nyingine ikikataza sumu ambazo bado hazijagunduliwa. (Hii ya pili naomba mwandishi wenu aitazame kwa makini, maana sumu ya Sura ya Tano, "isiyojulikana na daktari yeyote", imetutia mashaka.)

Nao waliheshimu bahari yao. Mwaka 1932 mtunzi Dorothy L. Sayers alitoa riwaya iitwayo Have His Carcase, ambamo mwanamke anayetembea peke yake kandokando ya pwani ya kusini ya Uingereza anakuta maiti juu ya jabali wakati maji yamekupwa. Anajua kwamba hata akikimbia namna gani, maji yatajaa na kuichukua maiti kabla hajapata msaada, kwa hiyo anapiga picha na kuchukua vitu anavyoweza kuvichukua. Sehemu kubwa ya riwaya hiyo, ambayo ni nene, inazunguka juu ya swali la mtu yule alikufa saa ngapi, na maji yalikuwa wapi wakati huo. Sitasema zaidi, nisije nikamharibia mtu utamu. Naye Agatha Christie, mzaliwa wa mji wa pwani wa Torquay, alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali ya mji huo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza vipimo na tabia za sumu kabla hajaanza kuwaua watu wake juu ya karatasi. Riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1920, jarida la wafamasia liliisifu kwa jinsi ilivyoeleza mambo ya sumu kwa usahihi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa hadithi za upelelezi na mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, na kazi ya mkaguzi wa afya ni kuingia majumbani mwa watu na kutazama kile ambacho wenyewe hawataki kitazamwe. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, si askari, na silaha yake ni kuyajua mazingira na kuukataa uvivu wa kusema "ni mzimu" pale ambapo mkono wa mtu umepita. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na wengi wetu tuliisoma tungali vijana. Baraza langu linaposema muuaji ni fulani kwa sababu ya maji, ni Bwana Msa aliyelifundisha hivyo.

Kuna jambo la pili, nalo silitaji kwa hasira bali kwa masikitiko, kwa sababu hapa mwandishi wenu ameiacha lulu mchangani. Katika Sura ya Pili maiti ya mwenye nyumba ya wageni inalazwa sebuleni kwake siku mbili ikimngoja mpelelezi kutoka mjini. Kijiji gani cha Waislamu wa pwani kingefanya hivyo? Mtu akifa kwa namna ya kutia shaka, sheha ataarifiwa (na sheha ndiye, si "mwenyekiti wa kijiji" kama mlivyoandika, kwa kuwa hii ni Unguja), polisi watafika, daktari ataitazama maiti, na muda wote huo jamaa watakuwa wameshika sanda wakiuliza kaburi lichimbwe saa ngapi. Haraka hiyo ingempa mpelelezi saa chache tu, naye angelazimika kuuliza huku watu wanabeba jeneza. Kwa kumpa siku mbili za kunywa kahawa, mwandishi ameipoza hadithi yake mwenyewe.

Tena yuko mtu mmoja ambaye riwaya nzima haimtaji, nayo ingeweza kusimama juu yake: mwosha maiti. Yeye huuona mwili ambao mke na watoto hawatauona tena. Hebu tuseme anaona kifundoni mwa mkono alama nyembamba, upana wa taitai, ile kamba ndogo ambayo kina mama huifungia mwani. Anajua ameona nini. Lakini anajua pia kwamba amefunzwa kumsitiri maiti na kutotoa nje aliyoyaona juu ya mwili wake. Je, aseme au asitiri? Na akisema, amwambie nani, wakati jamaa wanaomlipa ihsani yake wamesimama mlangoni na mmoja wao huenda ndiye? Mwingereza hana mtu huyu katika kijiji chake. Sisi tunaye katika kila kijiji, na mwandishi wenu amempita akaenda kutafuta sumu isiyo na jina, hali bunju yumo baharini humo humo, samaki ambaye kila mtoto wa pwani ameonywa juu yake, ambaye sumu yake huanza kwa ganzi ya midomo na kuishia kwa pumzi kukatika.

Kuhusu safari ya jahazi kutoka Lamu hadi Unguja mwezi wa Juni, ati kwa kusukumwa na kaskazi, sisemi kitu. Wakati huo huvuma kusi, upepo utokao kusini, na wanabaraza walicheka tu.

Ombi letu ni dogo. Tunaelewa kuwa zimebaki sura mbili, na kwamba Sura ya Tisa pengine bado iko mezani kwako. Mpelelezi amemtaja mpwa, lakini mpelelezi kukosea katika sura ya nane si jambo geni, na mara nyingi ndipo riwaya inapoamka. Tunamwomba mwandishi awaache watu waanze kutawanyika, kisha mtu mmoja asiyetazamiwa, mama wa mwani akipenda, au hata mtoto, aulize kwa upole: "Mzee, jahazi hilo lilipita wapi, na sisi usiku ule tulikwenda kuchokoa pweza kwa miguu mpaka mwambani?" Hatalazimika kubadilisha hata mstari mmoja wa sura zilizotangulia. Kanzu kavu imo, mzee aliyeiona maiti kwanza yumo, mwezi kumi na nne umo. Yote ameyaandika mwenyewe, ila hakujua.

Kama hataki, basi angalau mswada wake ujao apewe mtu wa pwani kuusoma kabla haujapigwa chapa. Fundi wetu wa ngalawa yuko tayari, kwa sharti kwamba asomewe.

Jumapili ijayo ni maji mafu na kina mama hawashuki kwenye mwani, kwa hiyo nao wameomba wasomewe. Tumekubaliana kutandika mikeka upande wa kibla wa nyumba, na nimeambiwa nisianze kabla hawajafika.

Wako katika usomaji,
Mwalimu mstaafu,
Kusini Unguja