Kabla Hujaitumbukiza Karatasi: Barua kwa Vijana Wetu Mliopata Uraia Marekani

Wajukuu zangu,

Hongereni kwa kula kiapo. Nasikia hapa Florida mnaambiana kwenye makundi ya WhatsApp kwamba jimbo lina mamilioni ya watu, kura yako moja itamfaa nani. Basi niwape habari ya uchaguzi wa rais wa mwaka 2000, wengi wenu hamjazaliwa.

Walipiga kura watu karibu milioni 6 jimboni humu, na George W. Bush akatangazwa kumpita Al Gore kwa kura 537. Harusi moja ya Tanga hulisha zaidi ya hao! Kwa hizo alibeba kura zote 25 za wajumbe wa Florida (rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura za wananchi), akafikisha 271 palipotakiwa 270, ingawa nchi nzima Gore ndiye aliyepigiwa kura na wananchi wengi zaidi.

Watawasimulia ya Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, iliyosimamisha kuhesabu upya kura za Florida tarehe 12 Desemba. Watawakumbusha kwamba gavana alikuwa Jeb, mdogo wake Bush. Hayo bishaneni mpaka kuche. Mimi nawavuta kwenye karatasi yenyewe.

Kaunti ya Palm Beach ina wazee wengi. Msimamizi wa uchaguzi akayaonea huruma macho yao, akakuza herufi, majina yasienee ukurasa mmoja. Yakapangwa kushoto na kulia, matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Upande wa kushoto Bush alikuwa wa kwanza, Gore wa pili. Lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo, aliyeandikwa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Buchanan akazoa kura zaidi ya 3,400 kwenye kaunti hiyo, hata mwenyewe akakiri kwamba nyingi huenda si zake. Na karatasi zaidi ya 19,000 zilikutwa zimetobolewa zaidi ya mara moja kwenye nafasi ya urais. Hazikuhesabiwa. Zigawanyeni wenyewe kwa 537.

Siku hizi hakuna kutoboa, mnajaza duara kwa wino, lakini haraka ya binadamu ipo palepale. Sampuli ya karatasi hutolewa kabla ya siku yenyewe: ichukueni, mkae nayo mezani, mpitie mpaka mgombea wa mwisho. Ukikosea, usikate jina ukaandika juu. Wala usione haya eti foleni ni ndefu na lafudhi yako inasikika. Mwambie karani umeiharibu, akupe nyingine. Sheria ya Florida inakuruhusu kubadilishiwa hata mara mbili. Ikishamezwa na mashine, hairudi.

Na mama asiyesoma Kiingereza msimwache nyumbani. Ana haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ilimradi si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi.

Babu yenu,
Tampa