Barua kwa mwanangu anayekwenda kufundisha darasa la tatu

Tukuyu, Januari

Ugonile, mwanangu.

Baba yako ndiye aliyeniambia kwamba umekata tiketi ya Dodoma ya Jumamosi, na kwamba kule shule ya kanisa umepangiwa darasa la tatu. Wewe hukuniambia. Ulijua nitasema mengi. Basi nayaandika, maana kwenye simu ungesema mtandao unasumbua.

Nimelifundisha darasa hilo miaka 19. La kwanza na la pili mtoto yuko kwenye KKK, anajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Akiingia la tatu masomo yanammwagikia: Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Hisabati zenye mafumbo ya maneno, na huko uendako Elimu ya Dini wataishika kwa uzito wake. Kila moja linataka mtoto afungue kitabu asome mwenyewe. Asiyejua kusoma hapotezi somo moja, anapoteza yote kwa mpigo, na kwenye ratiba hakuna kipindi cha kumrudia. Mwaka unaofuata anakutana na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, akiwa bado anabahatisha.

Sasa shule za kanisa zina jambo lao, nami nazipenda, babu yako alijulia herufi kwa Wamoravian. Watoto wanakariri vizuri mno. Zaburi ya 23, Amri Kumi, Sala ya Bwana, majedwali ya kuzidisha mpaka la 12, nyimbo za ibada ya asubuhi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Siku ya wazazi wanasimama mbele wanatoa Zaburi nzima bila kukwama, na mama zao wanafuta machozi. Mwanangu, usidanganyike na hilo. Mtoto anayekariri hivyo ana akili, na kwa akili hiyo hiyo anaweza kukuficha mwaka mzima kwamba hasomi. Anamsikiliza jirani yake, anadaka, anarudia, macho kayaweka kitabuni.

Wiki ya kwanza waite mmoja mmoja mezani kwako. Mpe Zaburi hiyo hiyo anayoijua. Akishaisema yote mwambie akuwekee kidole kwenye neno "malisho". Wengine watakiweka hapo hapo. Wengine watarudi mwanzo, wataisema kimoyomoyo huku kidole kinatembea neno kwa neno mpaka walifikie. Hao wako njiani. Na wapo watakaokutazama usoni. Majina ya hao yaandike, wala usiyasome mbele ya darasa. Anza nao silabi upya, dakika 15 kila siku kabla ya ibada, hata kama mwalimu mwenzako atakucheka kwamba unarudi darasa la kwanza. Wale waliohamia kutoka shule za serikali wanaosoma Kiswahili sawasawa lakini Kiingereza kinawashinda, usiwachanganye nao. Hao herufi wanazijua, wanachokosa ni lugha, nayo itakuja.

Nakusisitizia kwa sababu nakujua. Wewe ulijua kusoma kabla hujaenda shule, kwa kuchungulia tu begani kwangu nikisahihisha madaftari. Cheti chako cha ualimu nimekitundika sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa. Lakini aliyepata kitu bila taabu hukosa subira na anayehangaika nacho, na subira haikuwa sifa yako hata ulipokuwa unabandika chungu.

Halafu fimbo. Kanuni za mwaka 1979 zilimwachia mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na tangu 2002 viboko visizidi vinne, na kila mara iandikwe daftarini. Miaka yangu yote 19 daftari hilo sikuliandika hata mara moja. Si kwamba sikuchapa.

Kaka yako alikaa darasani kwangu mwaka mzima. Ya mwaka ule unayajua, sirudii. Nilikuwa naogopa walimu wenzangu waseme mtoto wa mwalimu anapendelewa. Juzi alipita hapa na pikipiki, ukaingia ujumbe kwenye simu yake kuhusu mkopo, akampa mwanawe wa miaka minane amsomee. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Niliendelea kuchambua.

Kwa hiyo hao watakaokutazama usoni, mwanangu, usiwaache wafike Pasaka. Waite wazazi mapema. Bahati nzuri bweni la watoto wa awali mpaka darasa la nne serikali ililizuia mwaka 2023, kwa hiyo jioni mtoto yuko kwao. Mzazi anayelipa ada hapendi kuambiwa mwanawe hasomi. Mwambie hivyo hivyo, Februari. Akiambiwa Novemba atakuwa ameshachelewa, na wewe pia.

Dodoma ni kukavu, nunua mafuta mazito ya kupaka na uweke maji kwenye ndoo yenye mfuniko. Huku mvua ni ya kila siku, bati la jiko limeanza kuvuja tena pale pale, baba yako anasema atalipanda, namkataza. Wanunuzi wa parachichi walikuja wakataja bei ya kututukana, tumewaambia wapite. Ng'ombe amezaa dume. Ukipata mshahara wa kwanza usinitumie mimi, lipa kwanza lile deni la godoro kwa mama mdogo wako, ananiulizia kila Jumapili.

Barua hii ataileta kaka yako Mbeya stendi, pamoja na kikapu cha ndizi. Bahasha sikuifunga. Ndizi za juu zimeiva, kuleni njiani na aliyekaa nawe kiti kimoja. Za chini mpelekee mwenye nyumba wako.

Mama yako.